Stesheni Masta wa Mji Usio na Reli

Kila alipoingia gereji kwangu alitaja saa kwanza, salamu baadaye. "Saa nne na dakika saba. Habari za kazi, Fundi." Mimi nilimwamkia, yeye akaitikia marahaba huku macho yake yameshafika kwenye meza ya nyuma kuona kama nimefunika makopo ya rangi. Kama sikuyafunika hakunisema. Aliyafunika mwenyewe, moja moja, akigonga kila kifuniko kwa ngumi ili nisikie.

Watu wa Kalangalala walimwita Stesheni Masta, ingawa mji wa Geita hauna reli. Alikuwa amestaafu kazi ya reli kwenye njia ya Tabora kwenda Mwanza, na miaka yake ya mwisho alikuwa mkuu wa stesheni ndogo upande wa Shinyanga, mahali ambapo treni zilipungua mpaka, kwa maneno yake, akawa anafagia jukwaa kwa ajili ya mbuzi. Mwanawe wa kiume alijenga nyumba nyuma ya gereji yangu, akamleta huyu Stesheni Masta, mama yake, akae naye, kisha yeye akaondoka kufuata dhahabu Chunya. Mama akabaki na nyumba. Zaidi ya hapo sijui, na sikuwahi kuuliza.

Mimi ni fundi wa kupaka magari rangi. Kazi yangu kubwa ni pikapu za watu wanaoshinda machimboni, zinazokuja zimekwaruzwa na vichaka na kupigwa mawe, na wenyewe wanataka zitoke zikiwa mpya kama za dukani. Siku ile Stesheni Masta alipoingia kwangu mara ya kwanza, mdogo wangu alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Aliingia kwenye duara, mashimo haya ya wachimbaji wadogo, katikati ya mvua, na ukuta ukatitia. Walimtoa siku ya nne. Tangu siku hiyo sikuwa nahisi kitu. Siwezi kusema nilikuwa na huzuni, maana huzuni ningeitambua. Nilikula, nikapiga msasa, nikalala, nikaamka. Msibani watu walinisifu kwamba mimi ni jasiri. Nayaeleza haya mwanzoni ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekuwa akimtazama huyu mama kwa miaka minne. Nilikuwa naona kila kitu vizuri, na hakuna kilichonigusa.

Siku hiyo ya kwanza alikuja na kitu amekifunga kwenye kipande cha kitenge. Akasubiri mpaka nikamaliza mlango wa gari niliokuwa naupuliza, akafungua. Lilikuwa behewa la treni, urefu wake kama kiganja na vidole vyake. Alikuwa amelikata kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mbao za pembeni zilikuwa vijiti vya meno vilivyopangwa kwa nafasi sawa, na kwenye fremu alikuwa amebonyeza bati kwa ncha ya sindano kutoka ndani mpaka vikatokea vidoti mamia, vikawa ribiti, zile pini za kushikiza bati. Nililigeuzageuza. Nimeona kazi nyingi za mikono lakini sikuwahi kuona subira ya namna ile.

Nikamuuliza ni nini.

"La ng'ombe," akasema. "Lipake rangi ya reli. Nyekundu iliyochoka."

Nilichanganya nyekundu na kahawia na nyeusi kidogo, nikajaza bunduki yangu ya kupulizia rangi, nikavuta triga mara moja tu. Ile bunduki imetengenezwa kupaka boneti. Rangi ilitoka kama maji ya ndoo. Vijiti vikazama, ribiti zikapotea zote, na behewa likawa kama kipande cha sabuni kilicholowa.

Alilitazama kwa muda. Hakukunja uso.

"Umelizika," akasema.

Alijua habari za mdogo wangu, mtaa mzima ulijua. Sidhani kama alikusudia kunichoma, na wala sikuchomeka. Nilichukua tina, ile ya kuyeyushia rangi, na mswaki wa zamani nikaanza kuisafisha ile rangi kabla haijakauka, naye akavuta stuli akakaa pembeni kunisubiri. Ribiti zilipoanza kuonekana tena, moja baada ya nyingine, akasema tunahitaji bunduki ndogo. Alisema tunahitaji, akinihesabu na mimi, na mimi sikukataa.

*

Bunduki ndogo ya kwanza tuliiazima kwa mama mmoja anayeoka keki za harusi karibu na soko. Ni kitu kama kalamu nene, kina kikombe cha rangi juu kinachoingia vijiko viwili vya chai, kina sindano ndefu ndani, na mrija wa upepo chini. Yeye alikitumia kupaka maua ya keki. Tulikaa nacho siku mbili, akatunyang'anya kwa sababu kilianza kunuka tina, na keki yake moja ya komunio ilirudishwa. Stesheni Masta alikwenda kuomba radhi, akarudi, akaagiza cha kwake Mwanza kikaja kwa basi ndani ya boksi la viatu.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini ya kupaka rangi, na kile kidude kilinifanya mwanafunzi. Kwenye bunduki kubwa unavuta triga, rangi inatoka, basi. Hiki kina kitufe kimoja chenye kazi mbili. Ukikibonyeza unatoka upepo mtupu, na ukikirudisha nyuma taratibu ndipo rangi inafuata. Kuanza, upepo kwanza kisha rangi. Kumaliza, funga rangi kwanza, upepo uendelee kidogo ndipo uachie. Ukigeuza utaratibu huo, tone linabaki kwenye ncha ya sindano, na ukianza tena linaruka kwenye kazi yako kama mate.

Wiki nzima ya kwanza hakuruhusu rangi. Tulipuliza maji kwenye maboksi yaliyokunjuliwa, mistari na vidoti, mistari na vidoti, mpaka maboksi yakalainika. Alinitaka nianze kusogeza mkono kabla sijabonyeza, na niuache uendelee kusogea baada ya kuachia, kwa sababu pale mkono unaposimama ndipo rangi inapotengeneza dimbwi. Kabla ya kila mpulizo aliuliza, "Njia wazi?" Ilikuwa lazima nijibu, "Njia wazi." Ndivyo stesheni moja inavyouliza nyingine kabla ya kuruhusu treni. Nisipojibu alikaa na kidole juu ya kitufe, hata dakika mbili, akiningoja. Mwanzoni nilijibu ili kumridhisha. Baadaye nilijibu kwa sababu kwa kweli nilikuwa nimeangalia: je, sindano ni safi, je, upepo kwenye geji umeshuka vya kutosha, je, kuna vumbi juu ya bati.

Mambo mengine tuliyapata kwa kuharibu. Rangi ya gari haipiti kwenye tundu dogo kama lile mpaka uilainishe kwa tina ifanane na maziwa. Ukitingisha kikombe, rangi ipande ukutani na kushuka ikiacha utando, isiache tope. Tulijifunza kuichuja kwa kipande cha soksi ndefu za kike, alizozitoa mwenyewe kwenye begi lake la kazi ya zamani bila kueleza. Tulijifunza kwamba bati tupu halishiki rangi mpaka lipate praima ya kijivu, nayo iwe nyembamba. Masika, kompresa inatema maji, hivyo chujio limwagwe kila asubuhi. Mipako mitatu miepesi inashinda mmoja mzito, na baina ya mpako na mpako mtu hana budi kukaa bila kugusa.

Kukaa bila kugusa ndiko nilikokuwa najua kuliko yeye. Mimi niliweza kukaa saa nzima nikitazama bati linakauka. Yeye alihangaika, alisimama, alikaa, alifuta meza ambayo ilishafutwa. Nilipomuuliza mara moja kama rangi iko tayari, alijibu, "Haijatoka Tabora." Ndilo jibu alilokuwa akiwapa abiria miaka ile treni zilipokuwa zinachelewa na yeye mwenyewe hajui ziko wapi. Alisema abiria hataki kusikia hujui, anataka jina la mahali. Basi likawa jibu la kila kitu. Chai haijachemka, haijatoka Tabora. Mwanangu hajapiga simu, hajatoka Tabora. Hilo la mwanawe alilisema kwa sauti ileile ya chai.

*

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na aliyabeba bila shida.

Huyu aliyetaja saa mpaka dakika alichelewa misa kila Jumapili. Nilimwona akipita mbele ya gereji wakati wenzake wameshafika Injili, anatembea bila haraka, mkoba mkononi. Wanawake wa jumuiya yake aliwadanganya waziwazi. Wakimuuliza alikokuwa jana mchana, alisema kliniki. Alikuwa kwangu, amevaa kinyago cha kuzuia harufu, anapuliza tumbo la behewa. Aliniambia hawezi kuwaeleza wanawake wenye akili zao kwamba mjane wa umri wake anatengeneza treni za bati.

Kelele alizichukia. Nikiwasha grainda alitoka nje. Alisema miaka yote ile kazini hakuwahi kupenda mlio wa treni, alipenda ule ukimya baada ya treni kuondoka.

Chumba kimoja cha nyumba yake kilikuwa cha mabehewa tu. Aliniingiza humo mara mbili, na kila mara alifunga mlango nyuma yetu kwa ufunguo. Juu ya meza ndefu alikuwa amepigilia nyaya mbili mbili kama reli, na juu yake yamepangwa mabehewa ishirini na mawili: ya ng'ombe, ya mafuta, ya pamba, mawili ya abiria daraja la tatu. Hapakuwa na kichwa cha treni. Nilitafuta kwenye rafu, nikatafuta chini ya meza. Nikamuuliza.

"Vichwa vilipita tu," akasema. "Mabehewa ndiyo niliyoachiwa."

Reli mpya ilipoanza kujengwa, watu wa Shinyanga walikwenda kuitazama tuta kwa tuta. Mteja wangu mmoja alijitolea kumpeleka kwa gari, kwenda na kurudi siku moja. Alimshukuru, akasema waache wamalize kwanza. Hakutaja tena jambo hilo.

Ila tulichobishania zaidi ni uchafu. Behewa la ng'ombe lilipokamilika, baada ya mipako mitatu ya nyekundu iliyochoka na namba alizoziandika kwa brashi ya nywele chache, nilijisikia, au nilikumbuka jinsi mtu anavyojisikia, kwamba kazi imekwisha. Yeye akachanganya kijivu na kahawia, akailainisha mpaka ikawa kama maji ya kuoshea kikombe, akaanza kuipuliza chini ya behewa. Nikamshika mkono. Kazi yangu yote ya maisha ni kuondoa vumbi kwenye rangi, na huyu analipaka makusudi.

Aliutoa mkono wangu taratibu. Akanieleza kwamba behewa likitoka Tabora chini huwa jekundu, likivuka kuingia mbuga za Shinyanga linapata kijivu juu ya ule wekundu, na masika ule udongo mweusi unaruka mpaka kwenye safu ya pili ya ribiti na kuishia hapo. La ng'ombe lina michirizi myeupe pembeni kwa sababu ya chokaa ya kuoshea, na mahali ng'ombe wanapojikuna mbao zinang'aa. Alijua upande gani unapauka kwa jua, kwa sababu mabehewa yalisimama kwenye njia ya pembeni ya stesheni yake miezi mingi yakielekea upande uleule. Alipomaliza, lile kopo la maziwa lilikuwa limetoka safari. Nililiweka kwenye kiganja na mkono wangu ukataka kujipangusa vumbi.

*

Sasa nieleze lile nililolichelewesha.

Ile rangi, hata kwa mtu mwenye kinyago, inapanda machoni. Nilimpa miwani ya gereji, akaivaa siku moja, akaivua kwa sababu ilishika ukungu na kumficha kazi. Sikumlazimisha. Baada ya mwaka wa pili macho yake yalianza kuwa mekundu, na hayakurudi tena kuwa meupe, hata Jumapili.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa macho mekundu ya mwanamke mzee yanamaanisha nini kwa watu wengine, na jinsi bibi zetu vijijini walivyoitwa wachawi na kumalizwa kwa sababu ya moshi wa kuni wa maisha yao yote. Mjini tunasema mambo hayo yameisha. Lakini wanawake wa mtaa walifanya hesabu yao: huyu anapikia gesi, moshi anautoa wapi? Na ana chumba anachokifunga kwa ufunguo. Na mwanawe amemkimbia. Kisha mtoto wa nyumba ya pili akashikwa na degedege, akafariki alfajiri kabla hawajafika hospitali, na yale yaliyokuwa yakisemwa chini chini yakaanza kusemwa kwa sauti ya kawaida.

Gereji ni mahali pa kukaa. Wenye magari hukaa kwenye benchi langu wakisubiri, na wanazungumza. Niliyasikia maneno hayo tangu mwanzo. Mmoja aliniuliza kabisa kama siogopi kufanya kazi na yule bibi. Nikamwambia rangi yake itakauka saa kumi. Nilijua macho yale yanatoka wapi. Mimi peke yangu katika mtaa ule ndiye niliyejua kwa hakika, na ningeweza kulisema kwa sentensi moja, kwenye benchi lile lile, na lingefika kila nyumba kabla ya jioni. Sikulisema. Sikuwa na chuki naye wala sikuwaogopa wao. Lilipita masikioni kama habari ya mji mwingine. Miezi mitano.

Asubuhi moja alikuja na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Aliikuta imesukumwa chini ya mlango wake. Ilikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: HAMA. Alilisoma mbele yangu, akageuza karatasi upande mtupu, akaibana kwenye ubao, akasema tujaribu ile rangi ya behewa la pamba, kama ni nyepesi vya kutosha. Akapuliza mstari mrefu. Rangi ilipolowanisha karatasi, neno likaonekana kutoka nyuma, limegeuka.

"Njia wazi?" akauliza, kwa mstari wa pili.

"Njia wazi," nikasema.

Jumapili iliyofuata, akiwa misani, walivunja mlango. Hawakuiba redio wala mtungi wa gesi. Waliingia chumba cha mabehewa, wakayakanyaga. Nilikwenda nilipoitwa. Alikuwa amepiga magoti sakafuni anayatenganisha: yanayoweza kunyooshwa upande huu, yasiyoweza upande ule. Vijiti vya meno vilitapakaa kila mahali. Nikapiga magoti upande wa pili wa chumba nikaanza kuokota, na tukafanya kazi mpaka mchana. Kati ya ishirini na mawili, tisa yalikuwa yanafaa.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao siku ya Jumanne. Stesheni Masta alikuja gereji asubuhi hiyo, na ndiyo mara pekee katika miaka yote ambayo hakutaja saa.

"Fundi," akasema, "leo naomba useme."

Nilipakia kompresa kwenye mkokoteni nikaisukuma mpaka ofisi ya mtaa. Watu walikuwa wengi, hadi madirishani. Mama wa yule mtoto alikaa mbele na kanga kichwani, hakumtazama mtu. Mwenyekiti aliponipa nafasi, nilichomeka waya, nikawaomba walio mbele wasogee karibu, nikachukua behewa moja kati ya yale tisa, nikapuliza. Harufu ikajaa chumba. Baada ya dakika chache walio mbele walikuwa wanafikicha macho. Nikawaambia wasubiri kidogo zaidi. Kisha nikawaambia watazamane.

Nilisema kwamba mama huyu amepuliza rangi hii miaka minne, na kwamba miwani nilimpa mimi, akaivua mbele yangu nikamwacha. Nilisema macho yangu ni mekundu vilevile, waje wayaone, na hakuna aliyewahi kuniandikia barua. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Baadaye watu walisema nilizungumza kwa utulivu mkubwa. Sikuwa na utulivu, nilikuwa mtupu.

Mzee mmoja wa ng'ombe, Msukuma mwenye rungu, aliliomba lile behewa. Akaligeuza, akachungulia mlango wake wa kusukuma, akamuuliza Stesheni Masta linaingia ng'ombe wangapi lile kubwa la kweli. Akamjibu idadi, na akaongeza kwamba wenye pembe ndefu wanapunguza. Mzee akakubali kwa kichwa. Akasema aliwahi kupakia ng'ombe wake Shinyanga, na chokaa ilikuwa hapo hapo, pembeni. Akalirudisha kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akatangaza kwamba jambo limeisha, na atakayemgusa huyu mama atafikishwa polisi. Watu wakatoka. Mama wa mtoto alibaki amekaa. Stesheni Masta akamwendea, akasimama mbele yake, akamwambia kwa Kisukuma maneno machache niliyoyasikia nusu, ya pole. Yule mama hakuondoka. Wakakaa hivyo mpaka mtu wa ofisi akaja na funguo.

Wiki mbili baadaye Stesheni Masta alihama. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi Chato, alikuja kumchukua. Nilimwambia jambo limeisha, hana sababu ya kuondoka. Alisema ni kweli limeisha, ila sasa kila anayemsalimia anamwangalia macho kwanza, na yeye hawezi kuzeeka akikaguliwa. Kile kibunduki aliniachia, kimesafishwa, sindano imepakwa mafuta.

*

Mwaka huu, kabla ya masika, nilikwenda Chato kuangalia lori la mfanyabiashara wa samaki lililohitaji rangi. Nilimaliza mapema nikauliza nyumba ya mwalimu. Ipo juu kidogo ya barabara inayoshuka ziwani. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, amepungua. Nilimwamkia nikiwa getini. Aligeuza kichwa kuelekea sauti, si kuelekea kwangu.

"Marahaba. Ni Fundi huyo?"

Binti yake alinieleza jikoni kwa sauti ya chini. Ni presha ya macho. Ilianza kumla pembeni bila mwenyewe kujua, na walipofika kwa daktari ilikuwa imebaki nafasi ndogo katikati, na sasa hata hiyo imekwisha. Nilimuuliza kama ni ile rangi. Alisema daktari alisema hapana, haihusiani. Nilimuuliza tena, akasema tena hapana.

Nikarudi barazani. Tukazungumza juu ya lori, juu ya bei ya sangara, juu ya mama wa keki ambaye sasa ana duka kubwa. Mwanawe wa Chunya alipiga simu wakati wa Krismasi. Mabehewa yale tisa amewapa wajukuu, wanayavuta kwa kamba. Nilimuuliza kama rangi bado ipo. Akasema anapoyashika anasikia bati.

Halafu nikamwambia. Nilimwambia kwamba yale maneno ya mtaani niliyasikia miezi mitano kabla ya mlango kuvunjwa, kwamba nilikuwa na sentensi moja ya kusema na sikuisema, na kwamba sijui kwa nini.

"Nilijua umesikia," akasema. "Gereji inasikia kila kitu."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungenijibu nini wakati ule?"

Nilifikiri. Nikamwambia nisingejibu kitu.

"Basi," akasema. "Wengine wote walinitazama usoni wakitafuta kitu. Wewe ulitazama bati. Nilikuwa napumzika kwako." Akapapasa mkono wa kiti. "Lakini ungesema, Fundi. Ilikuwa vizuri useme."

Hakulisema kwa hasira. Nilisema ndiyo, Mama. Nilitaka kuwe na kingine cha kusema. Nilishindwa kukaa vizuri kwenye kiti.

Upepo ulikuwa unapanda kutoka ziwani na harufu ya dagaa. Aliinua uso, akauelekeza mahali aliposikia ninapumua.

"Wananiambia siku hizi nina macho mazuri," akasema. "Wanawake wa jumuiya ya hapa. Wanasema meupe, kama ya mtoto. Ni kweli?"

Nikayatazama. Yalikuwa meupe kabisa, safi, hayana mshipa hata mmoja, na yalikuwa yananipita begani.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Ni mazuri."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea taarifa. Basi la Geita lilipiga honi kule barabarani, likasimama, likangoja abiria. Nililisikia likiondoka. Nikavuta kiti changu karibu na chake.